Goti limesagika: upumzike, utembee, uingie majini au upande baiskeli?

Mama yangu mdogo ni mama lishe Temeke. Kwa zaidi ya miaka 20 amekuna nazi akiwa amekaa juu ya mbuzi, magoti yamekunjwa hadi mwisho, kisha akasimama mbele ya sufuria la wali mpaka saa nane mchana. Mwaka juzi goti la kulia likaanza kumuuma. Akapigwa picha ya eksirei, akaambiwa goti limesagika, apumzike. Naye akapumzika kwelikweli. Nilipokwenda kumwona baada ya miezi mitatu nilimkuta kwenye kochi, mguu umepandishwa juu ya stuli, na paja la kulia limenywea kuliko la kushoto.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Usiniinue tu. Hili goti nalitumia kwa kubana, lisije likaisha."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Kazi yangu ni fiziotherapia, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali hilohilo: nitulie au nitembee? Niende baharini? Baiskeli je? Nimeziweka njia hizo pamoja, nikazipima kwa kipimo ambacho wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa: seli zilizo ndani ya gegedu la goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, zinaupokeaje mzigo wa kila njia.

Neno "kusagika" linatupotosha

Ukisikia goti limesagika, unachokiona akilini ni mawe mawili ya kusagia, kila hatua inachukua unga kidogo. Kama goti lingekuwa hivyo, mama mdogo angekuwa sahihi kabisa kulibania. Soli ya kiatu huitunza kwa kutokivaa. Lakini soli haina uhai, na gegedu linao.

Nenda buchani, omba mguu wa mbuzi uliokatwa kwenye kiungo. Ncha ya mfupa utaiona imefunikwa na kitu cheupe chenye ubuluu kwa mbali, kinang'aa, kinateleza kama sahani iliyolowa. Kibonyeze kwa ukucha: kinabonyea kidogo sana, halafu alama inajifuta. Hilo ndilo gegedu. Kwenye goti la mtu unene wake, sehemu nyingi, ni milimita 2 hadi 4 tu. Takriban sehemu 7 kati ya 10 za uzito wake ni maji. Zilizobaki ni nyuzi za kolajeni zilizofumana kama wavu, na ndani ya wavu huo kuna molekuli kubwa zinazoitwa agrekani, ambazo kazi yake ni kuyavuta maji na kuyashika. Unapokanyaga, maji hayo yaliyobanwa ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito kabla nyuzi zenyewe hazijaumia.

Gegedu halina mishipa ya damu. Halina neva pia, ndiyo maana maumivu ya goti hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa kiungo uliovimba na kwenye tishu za jirani, wala si kwenye gegedu lenyewe. Seli zake ni chache mno, kama asilimia 2 tu ya ujazo wote kwa mtu mzima, kila moja imejifungia peke yake kwenye kijumba chake. Seli hizo chache ndizo zinazotengeneza kolajeni na agrekani zote, na ndizo zinazotoa vimeng'enya vya kubomoa vilivyochakaa. Chakula chao hakiletwi na damu. Hupenya polepole kutoka kwenye ute wa kiungo, na mzigo unaokuja na kuondoka husaidia kukisukuma ndani. Ni kama dodoki kwenye beseni: ukilibana linatoa maji, ukiliachia linanyonya mengine. Dodoki uliloliegemeza jiwe kutwa halinyonyi kitu, na uliloliacha kwenye kamba juani linakauka.

Kuna jambo ambalo kila nikilieleza naona mgonjwa anakaa vizuri kusikiliza. Seli hizi zinahisi. Kwenye ngozi yao zina vilango vidogo ambavyo mgandamizo huvifungua, madini ya kalsiamu yakaingia ndani, na seli ikajua imebanwa kiasi gani. Kundi moja la vilango hivyo, PIEZO, liligunduliwa na timu ya Ardem Patapoutian huko Marekani mwaka 2010, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba seli za gegedu zinazo PIEZO1 na PIEZO2, na kwamba ndizo zinazoitikia mgandamizo mkali unaoweza kuiua seli. Kilango kingine, TRPV4, huitikia zaidi mzigo wa kawaida wa kila siku, na kikifunguka seli huongeza kazi ya kujenga. Yaani seli ileile inaweza kuambiwa "jenga" au "bomoa" kutegemea namna ilivyobanwa.

Namna gani basi? Jibu lilipatikana kwenye maabara ya Alan Grodzinsky, chuo cha MIT huko Marekani, miaka ya 1980. Walichukua vipande vya gegedu la ndama, vingine wakavikandamiza bila kuviachia, vingine wakavibana na kuviachia kwa mdundo. Vile vilivyokandamizwa moja kwa moja vilipunguza utengenezaji wa agrekani. Vile vilivyobanwa na kuachiwa, mdundo ukikaribia mara moja kwa sekunde, viliongeza. Mara moja kwa sekunde, kwa mguu mmoja, ni kasi ya mtu anayetembea bila haraka.

Kwa hiyo kila njia nitaiuliza maswali matatu. Mzigo unakuja na kuondoka, au unakaa? Ni mkubwa kiasi gani? Na je, mtu wa Dar ataweza kuifanya kesho na keshokutwa, au ni ya wiki moja tu?

Kupumzika

Kupumzika kunafeli swali la kwanza. Hakuna kubanwa, hakuna kuachiwa. Watu waliopooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo wamepimwa kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na gegedu la goti lao lilionekana kupungua unene ndani ya mwaka, bila hata hatua moja ya "kulisaga". Huko Toronto, Robert Salter aliwachukua sungura wenye tundu kwenye gegedu, wengine akawafunga kiungo kisisogee, wengine akakisogeza taratibu mfululizo. Waliosogezwa walipona vizuri zaidi.

Hata hivyo kuna siku kupumzika ni sahihi. Goti likiwa la moto, limejaa maji, limekaza, lipe siku 2 au 3 za kazi ndogo. Kisababu kinapendeza kukijua: utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kemikali za uvimbe huifanya seli ya gegedu iongeze vilango vya PIEZO1, hivyo mzigo uleule wa jana leo unaipiga kwa nguvu zaidi. Lakini hata siku hizo kunja na kunjua goti ukiwa umelala. Na kama goti la moto limekuja na homa, au limenasa halikunjuki, au limevimba ghafla baada ya kuanguka, acha kusoma, nenda hospitali.

Kutembea

Hapa ndipo hofu ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hospitali ya Charité ya Berlin iliwawekea wagonjwa magoti bandia yenye vipimo ndani, na mwaka 2010 ikatoa namba. Kusimama kwa miguu miwili, kila goti hubeba uzito unaokaribia uzito mzima wa mwili. Kutembea, mara 2.6. Kuinuka kwenye kiti, karibu mara 2.5. Kupanda ngazi, mara 3.2. Kushuka ngazi, mara 3.5. Mtu wa kilo 80 akitembea, goti linapokea zaidi ya kilo 200 kila hatua.

Namba hizo zinatisha ukizisoma kwa jicho la jiwe la kusagia. Zisome kwa jicho la seli. Zile kilo 200 zinafika kwa sehemu ndogo ya sekunde, zinaondoka, zinarudi. Maji yanazibeba. Seli inabanwa, inaachiwa. Tena tafiti kadhaa za maabara zimeonyesha kwamba mgandamizo wa wastani wenye mdundo hupunguza athari za kemikali za uvimbe ndani ya seli za gegedu. Linganisha na mama mdogo kwenye sufuria: mzigo wake ni mdogo kuliko wa kutembea, lakini hauondoki saa nzima. Mimi ningemchagulia dakika 20 za kutembea kuliko saa 3 za kusimama palepale, na kama hana budi kusimama, aweke kigogo cha kupandishia mguu mmoja baada ya mwingine, atoke, arudi.

Kutembea Dar kuna masharti yake. Tembea asubuhi kabla jua halijawa kali, kwenye njia iliyo sawa. Pembeni mwa barabara yenye mashimo goti hupindwa ovyo. Viatu viwe vya kufunga, si ndala zinazokulazimisha kuzing'ang'ania kwa vidole. Mchanga mkavu wa ufukweni ni mgumu kwa goti bovu kwa sababu mguu unazama na kupinda. Mchanga uliolowa, maji yakiwa yamepwa, ni bora zaidi. Fimbo ishike mkono wa upande mwingine, si upande wa goti linalouma. Naona wengi wanakosea hapo. Na mzigo wa sokoni, ugawe mikono miwili, au mpe mwenye toroli.

Anza na dakika 10. Kipimo changu ni cha kesho yake: maumivu kidogo wakati wa kutembea yanavumilika, ila goti likiamka asubuhi linauma kuliko jana, ulizidisha, punguza. Usiache, punguza.

Ngazi ni habari nyingine. Madaraja ya waenda kwa miguu, kama lile la Manzese, hayaepukiki. Ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mbovu, shika bomba. Usifanye ngazi kuwa zoezi lako la kwanza.

Kuingia majini

Tunayo bahari, na bado wagonjwa wangu wengi hawajaigusa tangu utoto. Maji yakifika kiunoni, yanakupunguzia karibu nusu ya uzito. Yakifika kifuani, zaidi ya nusu. Ukitembea humo, mdundo wa kubana na kuachia unabaki, mzigo unapungua, na maji yenyewe yanakupinga kwa hiyo misuli inafanya kazi. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa, au ambaye hatua 50 tu nchi kavu zinamliza, sioni cha kuanzia kilicho bora kuliko hiki.

Si lazima ujue kuogelea. Namaanisha kutembea: maji ya kifuani, hatua 30 kwenda, 30 kurudi, ukiwa na mtu. Ila bahari ya hapa ina saa zake. Siku za bamvua maji hukimbia mbali, unabaki na tope na miamba. Yakijaa tena yanajaa kwa kasi. Siku za maji mafu mabadiliko ni madogo na kupanga ni rahisi. Wakati wa kusi mawimbi huwa makubwa, usiende peke yako. Coco Beach ina mawe sehemu nyingi, vaa viatu vya plastiki. Upande wa Kigamboni kuna mchanga mrefu zaidi.

Udhaifu wake upo kwenye swali la tatu. Kutoka Mbagala au Kimara, nauli na foleni vinaila siku nzima. Mara moja kwa wiki haitoshi kuwa njia yako pekee. Ifanye ya wikiendi, katikati ya wiki uwe na kingine.

Baiskeli

Kwa namba, baiskeli ni laini: ukiendesha bila kukaza, mzigo kwenye goti hukaribia uzito wa mwili tu, chini ya nusu ya ule wa kutembea, na mdundo upo. Lakini gegedu la nyuma ya kilegesambwa, ile pia ya goti, halikubaliani na hesabu hiyo. Vipimo vya MRI vilivyofanywa Ujerumani kwa vijana wazima vilionyesha gegedu hilo linabonyea kwa karibu asilimia 4.5 baada ya baiskeli, na 2.8 baada ya kutembea. Kwa hiyo kama maumivu yako yapo mbele, nyuma ya pia, na yanazidi ukikaa muda mrefu kwenye daladala, baiskeli isiwe chaguo la kwanza. Kama yapo upande wa ndani wa goti, inaweza kukufaa sana. Pandisha kiti hadi goti libaki limekunjwa kidogo tu kanyagio likiwa chini kabisa. Barabara zetu kwa baiskeli sizipendekezi kwa mzee anayeanza. Ile ya ndani isiyosogea ni salama zaidi, kama kuna mahali unaipata.

Kiti na misuli ya paja

Hii ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono kifuani, inuka polepole, kaa polepole. Mara 8, pumzika, rudia mara 2. Ukishindwa, weka mto uongeze kimo, au jisukume kwa mikono. Mzigo unafanana na wa kutembea, unakuja na kuondoka, na hauhitaji nauli. Faida yake kubwa ipo kwenye paja: misuli iliyonywea hukuangusha kwenye kochi badala ya kukushusha, na kila kuanguka huko ni kishindo ambacho seli hazikipendi.

Lakini kiti kisichanganywe na kuchuchumaa. Goti lililokunjwa hadi mwisho, tena kwa muda mrefu, hubanwa sana na kubaki limebanwa. Utafiti uliofanywa kwa wazee wa Beijing na kuchapishwa mwaka 2004 uliona kwamba waliochuchumaa kwa saa nyingi kila siku ujanani walikuwa na osteoathritisi ya goti, jina la kitaalamu la huku kusagika, zaidi. Mbuzi ya kukunia nazi, kigoda cha kufulia, choo cha kuchuchumaa: hapo ndipo ningepunguza mzigo kabla ya kugusa matembezi. Kwa anayesali, kiti msikitini si aibu siku goti linapokataa.

Nani achague nini

Kama unatembea dakika 10 bila kuchechemea sana, chagua kutembea kila siku na kiti siku 3 kwa wiki. Kwa kulinganisha yote, huu ndio mchanganyiko ninaoupa nafasi ya kwanza kwa watu wengi wa jiji hili, kwa sababu utaufanya na kesho. Kama uzito ni mkubwa au hatua chache tu zinakushinda, anzia majini na kwenye kiti chenye mto, nchi kavu itafuata. Kama maumivu ni ya upande wa ndani na una mahali pa baiskeli isiyosogea, ipe nafasi. Kukaa tu hakumfai mtu yeyote zaidi ya siku hizo chache za goti la moto.

Uzito nao usiuache nje ya hesabu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye goti bovu ulipata kwamba kila kilo 1 iliyopungua mwilini iliondoa kilo 4 kwenye goti, kwa kila hatua.

Na ute? Kila siku naulizwa kuhusu bamia na supu ya makongoro. Ni vyakula vizuri, kula. Lakini mlenda wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda gotini. Vidonge vya glukosamini vinavyouzwa ghali, taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, ilishauri mwaka 2022 visitolewe kwa ugonjwa huu. Mwongozo huohuo unaweka mazoezi kwa kila mgonjwa. Sitamdanganya mtu kwamba mazoezi yataotesha upya gegedu lililokwisha kuondoka, hilo halijathibitishwa. Yanachofanya ni kupunguza maumivu, kurudisha nguvu, na kuzipa seli zilizobaki mzigo zinaoweza kuishi nao.

Mama mdogo alichagua kutembea na kiti. Alianza kwa kwenda hadi kwenye kona na kurudi. Sasa kila alfajiri anakwenda kwa miguu soko la Tandika, nazi anakuniwa kwa mashine palepale sokoni, na mbuzi ameiweka uvunguni. Jumapili moja moja tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni, anaingia majini na kanga yake, mjukuu akimshika mkono. Goti bado humuuma akishuka ngazi, na picha ya eksirei ikipigwa leo itaonyesha yaleyale ya mwaka juzi. Lakini anashuka, mguu wa kulia ukitangulia, mkono kwenye bomba, na paja la kulia limeanza kujaza gauni tena.